Dharura ya Nani? Chumba cha Mapokezi, Kiwambo na Istilahi Zetu

Imezoeleka kudhaniwa kwamba kazi ya mkuza istilahi huanzia katika orodha ya maneno ya kigeni na kuishia katika safu ya visawe vyake. Neno likishapitishwa na kuchapwa, huhesabiwa kuwa limezaliwa. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ina kasoro, na tutafanya hivyo kwa kutazama mahali pamoja ambapo neno hupimwa kwa saa na dakika, yaani chumba cha hospitali kinachopokea wagonjwa wa dharura. Tutakitazama chumba hicho kwa njia mbili: kama kinavyoonyeshwa katika kiwambo cha televisheni na sinema, na kama kinavyojulikana na watu wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Ni maoni yetu kwamba njia hizi mbili hazipatani, na kwamba lugha yetu imechukua zaidi kutoka katika kiwambo kuliko kutoka katika chumba chenyewe.

Tuanze na tukio dogo. Tulipokuwa tukikusanya istilahi za tiba katika hospitali moja ya sehemu hizo, tuliketi asubuhi nzima katika ukumbi wa kusubiria. Mabenchi yalikuwa yamejaa, na wengine walikaa sakafuni juu ya kanga. Ukutani palikuwa na televisheni iliyokuwa ikionyesha mchezo wa kigeni wa hospitali, bila sauti: madaktari wakikimbia, vitanda vya magurudumu vikisukumwa, milango ikifunguka yenyewe. Mama mmoja aliingia akiwa amembeba mtoto mgongoni. Muuguzi, ambaye tangu alfajiri hakuwa ameketi, akamwuliza, "Mama, wewe una dharura?" Yule mama akajibu kwa adabu, "Hapana, mwanangu, sina dharura. Kazi zote nimeziacha nyumbani, nitangoja tu." Akaelekezwa kwenye foleni ya kawaida. Muda mrefu ulipita mpaka muuguzi mwingine, katika kupita, alipoona jinsi kifua cha mtoto kilivyokuwa kikibonyea kila alipovuta pumzi, akamchukua mbio kwenda kumpa oksijeni.

Mtoto yule alipona. Lakini jibu la mama yake halijatutoka. Hakukosea Kiswahili. Aliyekosea ni sisi.

Neno dharura tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni jambo la lazima lisiloepukika. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, neno hili limejenga makazi mengine. Mtu asiyefika kazini "amepata dharura." Anayetaka kuondoka mkutanoni kabla ya wakati huomba radhi kwa kuwa "ana dharura." Kwa maana hiyo, dharura ni jambo la kando linalomvuta mtu kutoka pale alipotakiwa kuwapo. Mama wa kijijini aliyeacha shamba na jiko ili aje hospitali ana haki kamili ya kusema kwamba hana dharura: hakuna kitakachomwondoa pale. Kumbe aliulizwa kuhusu mtoto, naye akajibu kuhusu shughuli zake. Kamusi ingeweza kuwapatanisha wawili hao, lakini hakuna aingiaye hospitali na kamusi mkononi.

Sasa tugeukie kiwambo. Tamthilia ya Marekani iliyoitwa *ER*, iliyobuniwa na Michael Crichton, ilianza kuonyeshwa mwezi wa Septemba 1994 na kumalizika mwaka 2009 baada ya vipindi 331. Mandhari yake ni chumba cha dharura cha hospitali ya umma jijini Chicago. Hapana shaka kwamba ni kazi iliyotengenezwa kwa ustadi, nayo ndiyo iliyowafundisha watazamaji wa dunia nzima sura ya chumba hicho: kamera inayokimbia pamoja na daktari, maneno ya kitaalamu yanayorushwa bila kufafanuliwa, kelele na damu. Msongamano umo, tena mwingi. Lakini mtazamaji akichunguza ataona kwamba msongamano huo ni pazia la nyuma tu. Jicho humfuata daktari. Mgonjwa huanza kuwapo anapofikiwa, na saa alizongoja kabla ya hapo hukatwa na mkasi wa mhariri, kwa sababu kungoja hakuna mchezo.

Hii ndiyo kasoro ya kwanza tunayotaka kuitaja. Katika chumba kilichojaa, jambo kubwa si mwendo bali ni kungoja. Na swali kubwa si daktari atafanya nini, bali ni nani ataonwa kwanza. Filamu ya maisha halisi ya Peter Nicks iliyotoka mwaka 2012, *The Waiting Room*, ililiona jambo hili. Aliipeleka kamera katika Hospitali ya Highland, mjini Oakland, akaiacha ikae pamoja na wanaosubiri. Nayo tamthilia ya *The Pitt*, iliyoanza kuonyeshwa Januari 2025 na ambayo mandhari yake ni hospitali ya kubuni mjini Pittsburgh, imejitahidi kwa njia yake: kila kipindi ni saa moja ya zamu moja, ukumbi wa kusubiria umejaa tangu mwanzo, na inaelezwa wazi kwamba vitanda havipatikani kwa kuwa vimekaliwa na wagonjwa wanaongojea nafasi katika wodi za juu. Hapo angalau mtazamaji anafahamishwa kwamba msongamano una sababu na kwamba haukushuka kama mvua. Twaisifu kwa hilo. Hata hivyo, hapo nako anayebeba hadithi ni daktari. Mama mwenye mtoto mgongoni bado ni mtu wa nyuma ya kioo.

Kasoro ya pili inatugusa zaidi, kwa kuwa ilizaliwa katika ardhi yetu. Mwaka huo huo wa 1994, miezi mitano kabla ya tamthilia ya Chicago kuanza, kamera za dunia zilikuja Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili, kwa makadirio ya shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benaco, iliyopata jina lake kutokana na kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara, ikawa mji mkubwa kwa siku chache, na baada ya muda idadi ya wakimbizi ikawazidi wenyeji wa wilaya. Yafaa kukumbuka kwamba Tanzania Bara ndiyo kwanza ilikuwa ikipata vituo vyake vya televisheni mwaka huo. Watu wa Ngara walionyeshwa kwa walimwengu kabla wao wenyewe hawajawa na kiwambo cha kujitazamia.

Je, walionyeshwaje? Kwa picha za mbali: kilima kilichofunikwa na watu, moshi, mahema, machela. Na sisi wa Kiswahili tuliandika na kutangaza kwa maneno gani? Tulisema wakimbizi "wamefurika", "wamemiminika", kwamba kuna "wimbi" na "mafuriko." Yote hayo ni maneno ya maji. Maji hayana umri wala jina, na hayaulizwi linalomwuma. Mwandishi aliyesema kwamba hospitali "imefurika" aliona amesema kitu kikubwa. Kumbe alikuwa amemwondolea msomaji uwezo wa kuuliza maswali: Ni wangapi? Wauguzi wangapi? Vitanda vingapi? Nani alitazamwa kwanza, na kwa kipimo gani?

Kuna jambo jingine ambalo picha za maji huficha. Mwezi wa Julai 1994 kamera zilihamia Goma, ambako kipindupindu kiliua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi katika majuma machache. Katika Ngara vifo havikufikia kiwango hicho. Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja ilikuwa hii: tangu Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, wilaya hiyo ilikuwa imepokea wakimbizi wa Burundi, na mashirika ya misaada yalikuwa yamekwisha kufika na kuweka akiba. Maandalizi yalitangulia mkasa. Lakini ghala haliwavutii watazamaji, wala daftari la chanjo. Kiwambo huonyesha msongamano. Hakionyeshi mpango unaouzuia msongamano usiwe maangamizi. Tamthilia ya *ER* yenyewe ilipowapeleka madaktari wake Kongo, katika kipindi kilichopewa jina la Kisangani mwaka 2003, ilistahili shukrani kwa kuwakumbusha Wamarekani vita walivyokuwa wamevisahau. Hata hivyo, katika hadithi hiyo hospitali ya Kiafrika imekuwa mahali pa kupimia moyo wa mgeni. Wenyeji wamejaa humo, na wachache mno ndio wanaosema.

Kutokana na hayo, twapendekeza tofauti moja izingatiwe katika uandishi wa habari na katika tafsiri za vipindi: *msongamano* na *foleni* si kitu kimoja. Msongamano ni hali. Foleni ni utaratibu, na neno lenyewe tumelitohoa kutoka amri ya Kiingereza ya kuwapanga askari. Penye msongamano kila mtu ni kizuizi cha mwenzake, ilhali penye foleni kila mtu ana mahali pake. Chumba cha dharura, kwa asili yake, hakitakiwi kuwa na lolote kati ya hayo mawili. Foleni ya kawaida humtazama kwanza aliyefika kwanza. Chumba cha dharura humtazama kwanza aliye karibu zaidi na kifo, hata kama amefika mwisho. Utaratibu huo wa tatu ndio ambao Kiswahili bado hakijaupa jina lililokubalika, na hapa ndipo kazi yetu inapoanza.

Watu wa hospitali huutaja kwa neno la kigeni, *triaji*. Asili yake ni kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kuchagua na kupanga mafungu. Kabla ya kuingia katika tiba lilitumika kwa pamba ya kondoo, na hata kwa punje za kahawa zilizovunjika. Liliingia katika tiba kwa njia ya vita: Dominique Jean Larrey, daktari mpasuaji wa majeshi ya Napoleon, ndiye anayehesabiwa kuwa alianzisha desturi ya kuwahudumia majeruhi kwa kufuata uzito wa majeraha na si ukubwa wa cheo. Watu wa Kagera, ambao kahawa wanaijua kuliko watunga kamusi, wataona mara moja mahali pagumu. Kahawa ichambuliwapo, punje mbovu hutupwa. Je, tuseme kwamba wagonjwa "wanachambuliwa"?

Tumepima maneno manne. *Kuchambua* tumelikataa kwa sababu hiyo, na pia kwa kuwa *uchambuzi* umekwisha kupewa kazi katika uhakiki na takwimu. *Kupepeta* ni baya zaidi, maana kila kipepetwacho hutoa makapi. *Kupembua* lina kasoro ile ile, na limeshikwa na wapangaji wa miradi. La nne ni *kutanguliza*, nalo kwa muda lilitupendeza mno. Katika kutanguliza hakuna anayetupwa. Kuna wa kwanza na kuna wa baadaye, na wote wamo safarini. Tulikwisha hata kuandika *utangulizaji wa wagonjwa* katika kadi zetu. Tulipolisoma mbele ya wauguzi, mmoja akacheka, kisha akasikitika. Akatuuliza, "Ndugu zangu, mtawaambiaje jamaa kwamba mgonjwa wao ametangulizwa?" Tukanyamaza. Katika Kiswahili, aliyetangulia mbele ya haki ni marehemu. Neno lililotufurahisha mezani lingewaliza watu mlangoni.

Twapendekeza basi *upambanuzi wa wagonjwa*, kutokana na kitenzi kupambanua, yaani kutofautisha hali moja na nyingine bila kudharau yoyote. Muuguzi afanyaye kazi hiyo aitwe *mpambanuzi*. Na rangi zinazotumika katika hospitali nyingi, yaani nyekundu, njano na kijani, zitajwe kwa Kiswahili hicho hicho: mgonjwa wa rangi nyekundu, mgonjwa wa rangi ya njano. Hatudai kwamba istilahi hii ni tamu. Twadai kwamba haina makapi wala jeneza.

Lakini je, upambanuzi ungemsaidia yule mama? Hapana. Tukubali wazi kwamba istilahi ni chombo cha wataalamu kuzungumza wao kwa wao kwa usahihi, na kwamba si kila istilahi inafaa kubandikwa mlangoni. Huu ndio upungufu mkubwa wa kazi yetu ya miaka mingi: tumetunga jina la idara tukalipaka juu ya mlango, tukidhani tumewasemesha watu. Idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura nchini ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2010, na tangu mwaka 2021 majengo ya namna hiyo yamejengwa katika hospitali nyingi za wilaya. Ni maendeleo ya kujivunia. Hata hivyo, katika mengi ya majengo hayo utakuta herufi tatu za Kiingereza zimeandikwa kwa ukubwa ukutani, na watu wamezizoea kama walivyozoea namba za magari. Mlango haujauliza swali ambalo mtu wa kawaida anaweza kulijibu.

Mlangoni panatakiwa sentensi, si istilahi. Kwa mfano: *Mgonjwa wako anapumua kwa shida? Amezimia? Ana degedege? Anatoka damu nyingi? Usipange foleni. Mwambie muuguzi sasa hivi.* Maneno haya hayahitaji kamati. Wala muuguzi hana haja ya kuuliza, "Una dharura?" Amwulize mama, "Mtoto ameanzaje?" Jirani zetu wa ng'ambo ya mto, wanaosema Kinyarwanda, wametuonyesha njia: gari la wagonjwa wameliita *imbangukiragutabara*, neno ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema "wahi ukaokoe." Ni jina refu, lakini kila alisikiaye huelewa linafanya kazi gani.

Hatuwezi kumaliza bila kutaja Biharamulo, kwa sababu huko lugha ilipimwa kwa kipimo kikali zaidi. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa mkoani Kagera, katika wilaya hiyo. Mlipuko huo ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 13 Machi. Wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 2, na waliohesabiwa kuwa yamkini waliugua walikuwa 8. Wote 10 walifariki. Miaka miwili kabla yake, kati ya Machi na Juni 2023, ugonjwa huo huo ulikuwa umewapata watu 9 katika Wilaya ya Bukoba na kuwaua 6. Msomaji atambue kwamba katika mkasa wa namna hii hatari ya kwanza si chumba kujaa. Hatari ni chumba kuwa kitupu, kwa kuwa wagonjwa wameogopa kuja.

Na wataogopa nini? Wataogopa ugonjwa, lakini wataogopa na maneno. Twasema mgonjwa "atatengwa." Katika Kagera, kama katika sehemu nyingi za nchi yetu, kutengwa kuna maana inayojulikana: mtu hutengwa na kanisa kwa kosa, hutengwa na ukoo kwa aibu, hutengwa na kijiji kwa kukataa kazi ya wote. Mwenye homa aambiwapo kwamba atatengwa, amehukumiwa kabla ya kupimwa. Tena kuna waandishi wanaomwita "mshukiwa", neno la polisi. Wizara imekuwa ikitumia *mhisiwa*, na hilo ni afadhali sana. Twaomba litumiwe na wote. Badala ya kutengwa, twapendekeza *uangalizi wa pekee*: mgonjwa amewekwa katika uangalizi wa pekee. Watu 281 waliokuwa wamekutana na wagonjwa wa Biharamulo walifuatiliwa hadi muda wao ukaisha. Kazi ya namna hiyo hutegemea kila mmoja wao kumfungulia mlango mtu wa afya. Hafunguliwi mlango aliyekuja na neno la kuhukumu.

Katika kiwambo, mkasa wa namna hii ungepigwa picha kwa mavazi meupe yanayofunika mwili mzima na muziki wa kutisha. Picha ya kweli ni mtu wa afya anayetembea kwa mguu kutoka nyumba hadi nyumba, na kipimajoto mfukoni, akiuliza kila asubuhi, "Mmeamkaje?" Hakuna tamthilia iliyokwisha kuona thamani ya picha hiyo. Twawaomba watunzi wetu wa filamu waione.

Kwa muhtasari, maoni yetu ni haya. Kwanza, wanahabari wapunguze maneno ya maji wanapoelezea watu, na watofautishe msongamano, foleni na upambanuzi. Pili, wafasiri wa tamthilia za hospitali wasichukue istilahi kwa sauti yake tu bila kuuliza jambo lenyewe ni lipi. Tatu, *upambanuzi wa wagonjwa*, *mhisiwa* na *uangalizi wa pekee* zijadiliwe na kufikiriwa kwa ajili ya usanifishaji. Nne, na hili ndilo kubwa kwetu, kila istilahi ya tiba isomwe kwanza mbele ya wauguzi na wagonjwa kabla ya kuchapwa, kama ile yetu iliyoanguka kwa kicheko cha mtu mmoja.

Wasomaji walioko Ngara, Biharamulo na kwingineko, hasa wanaofanya kazi katika hospitali na zahanati, wanaombwa watuletee maneno wanayoyatumia wao wenyewe. Huenda neno tunalolitafuta limekwisha kusemwa zamani, na muuguzi fulani, katika zamu ya usiku, akiwa peke yake na benchi limejaa.